Ufundi wa Wafinyanzi wa Basra

Yapata miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, vyombo vya kauri kutoka Uchina vilifika Iraki kwa njia ya bahari, navyo vilipendwa mno kwa weupe wake. Wafinyanzi wa mji wa Basra hawakuwa na udongo mweupe kama ule. Udongo wao ulikuwa wa rangi ya manjano. Je, walikata tamaa? La! Walivifunika vyombo vyao kwa utando uliotiwa bati, ambao ukichomwa tanurini huwa mweupe na kung'aa kama kioo.

Kisha wakatia nakshi zao wenyewe. Juu ya weupe huo waliandika kwa rangi ya buluu itokanayo na madini ya kobalti. Bakuli moja la karne ya 9, lililohifadhiwa katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York, lina katikati yake neno la Kiarabu ghibta, maana yake furaha. Vyombo vingine viliandikwa maneno ya kumwombea mwenyewe baraka, au jina la fundi.

Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen, Uchina, walisifiwa kwa kauri za buluu na nyeupe, na kobalti waliyotumia ilitoka Uajemi. Tena zama za mfalme Zhengde (1505 hadi 1521), kauri za Uchina ziliandikwa hata maneno ya Kiarabu na Kiajemi.

Basi, msomaji, aliyeanza kwa kuiga naye alikuwa na la kutoa. Asiye na udongo mwema asiache ufundi. Atumie kwa akili alichonacho.