MADA YA 9: UENDESHAJI NA HESABU ZA ASASI ISIYO YA KIBIASHARA
Mfano rejea: Makongamano ya mashabiki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika asasi isiyo ya kibiashara jambo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu mali ni ya wanachama wote na hakuna mwenye duka anayeilinda usiku na mchana. Swali la mada hii hutolewa mara kwa mara, na watahiniwa wengi hupoteza alama kwa sababu moja: huchukulia kwamba fedha yote iliyopokelewa ni mapato.

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya asasi isiyo ya kibiashara;
(b) kutaja vyanzo vyake vya fedha na aina za gharama zake;
(c) kutofautisha Hesabu ya Mapokezi na Malipo na Hesabu ya Mapato na Matumizi;
(d) kukokotoa ziada au nakisi na kuthibitisha jibu lako.

9.1 Maana
Asasi isiyo ya kibiashara ni chombo kilichoundwa ili kutoa huduma kwa wanachama au kwa jamii, si kuwatajirisha wenye nacho. Zingatia: maana hii haisemi kwamba asasi hairuhusiwi kubaki na fedha mwisho wa mwaka. Inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kugawana fedha hiyo. Kwa kuwa haiitwi faida, tunaiita ziada, nayo hubaki ndani ya asasi kuendeleza lengo lake. Matumizi yakizidi mapato tunapata nakisi.

Mfano mzuri ni San Diego Comic Convention, asasi inayoandaa kongamano la mashabiki wa vitabu vya katuni katika jiji la San Diego, Marekani. Ilianza mwaka 1970 kwa mkutano wa siku moja hotelini uliohudhuriwa na watu wapatao 100. Leo kongamano lake hupokea zaidi ya watu 130,000. Pamoja na ukubwa huo, bado ni asasi isiyo ya kibiashara chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani. Hakuna mwenye hisa anayelipwa gawio. Kila mwaka hujaza Fomu 990 inayoonesha mapato na matumizi, na mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Hii ndiyo bei ya kusamehewa kodi: hesabu kuwa wazi.

9.2 Vyanzo vya fedha na gharama
Kongamano la mashabiki hupata fedha kutoka katika:
(i) ada za kiingilio, yaani beji;
(ii) kodi ya meza na vibanda vya wauzaji na wachapishaji;
(iii) michango ya wafadhili;
(iv) mauzo ya fulana, vitabu na kumbukumbu nyingine.

Kazi nyingi hufanywa na watu wa kujitolea. Huko San Diego, anayejitolea hupewa kiingilio cha bure badala ya mshahara. Lakini usiandike kwamba asasi haina gharama kwa sababu ina watu wa kujitolea. Ukumbi haujitolei. Umeme, ulinzi, usafi, bima, uchapishaji, nauli na malazi ya wageni waalikwa vyote hulipiwa.

Gharama hizo ni za aina mbili. Gharama zisizobadilika, kama kodi ya ukumbi, hulipwa wakija watu 50 au 5,000. Gharama zinazobadilika, kama beji na chakula, hupanda kwa kila mgeni anayeongezeka. Hatari ya kongamano imo katika aina ya kwanza: ukumbi huwekewa ahadi mapema, kabla waandaaji hawajajua watakuja wangapi.

Kongamano la Dunia la Bunilizi za Kisayansi linaonesha hatari hiyo vizuri. Lilianza New York mwaka 1939, na kila mwaka huandaliwa na kamati tofauti katika mji uliochaguliwa kwa kura za wanachama. Mwaka 1983 lilifanyika Baltimore, nalo likamalizika likiwa na madeni makubwa. Mwaka uliofuata lilifanyika Anaheim, California, likahudhuriwa na watu zaidi ya 8,000 na kubaki na ziada kubwa. Kongamano ni lile lile. Kilichotofautiana ni uwiano kati ya gharama na watu waliokuja. Aidha, kanuni za kongamano hilo huitaka kamati yenye ziada iitumie kwa manufaa ya jumuiya nzima, na kutoa taarifa ya fedha kwa mkutano wa wanachama.

9.3 Fedha iliyopokelewa si mapato yote
Mwaka 2020 kongamano la San Diego lilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, mara ya kwanza katika historia yake ya miaka 50. Beji zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Wenye beji walipewa hiari: kurudishiwa fedha au kuhamishia beji zao mwaka 2021. Jiulize: fedha hizo za beji zilikuwa mali ya nani?

Jibu: asasi ilikuwa nazo mkononi, lakini ilikuwa bado haijazitolea huduma. Kwa hiyo zilikuwa deni. Ada iliyolipwa kabla huwa mapato siku huduma inapotolewa. Asasi inayotumia ada za mwakani kulipia madeni ya mwaka huu inakopa kwa wanachama wake bila kuwaambia.

Mwaka 2021 kongamano la Julai halikufanyika tena ukumbini. Asasi ilieleza kwamba upungufu wa mapato uliilazimu kupunguza saa za kazi na malipo ya wafanyakazi wake. Hapo ndipo umuhimu wa mfuko wa akiba unapoonekana. Akiba haiozi, nayo katika asasi hutokana na ziada za miaka mizuri.

9.4 Tofauti ya hesabu mbili
Hesabu ya Mapokezi na Malipo
- Ni muhtasari wa daftari la fedha taslimu.
- Huanza na salio la mwanzo na kuishia na salio la mwisho.
- Huingiza fedha zote zilizopokelewa na kulipwa, bila kujali ni za mwaka gani.
- Huingiza pia ununuzi wa mali ya kudumu.

Hesabu ya Mapato na Matumizi
- Haina salio la mwanzo la fedha.
- Huingiza mapato na matumizi ya mwaka husika tu, yawe yamelipwa au hayajalipwa.
- Haiingizi bei ya mali ya kudumu, bali uchakavu wake.
- Huishia na ziada au nakisi.

9.5 Mfano uliofanyiwa kazi
Chama kimoja cha mashabiki wa vitabu vya katuni (mfano wa kubuni) kilikuwa na kumbukumbu zifuatazo kwa mwaka ulioishia 31 Desemba 2023:

Mapokezi (Sh.)
Salio 1 Januari: 1,200,000
Ada za kiingilio: 6,500,000
Kodi ya meza za wauzaji: 2,400,000
Michango ya wafadhili: 1,000,000
Jumla: 11,100,000

Malipo (Sh.)
Kodi ya ukumbi: 4,000,000
Uchapishaji: 900,000
Nauli na malazi ya wageni: 1,800,000
Ulinzi na usafi: 700,000
Ununuzi wa projekta: 1,600,000
Salio 31 Desemba: 2,100,000
Jumla: 11,100,000

Maelezo ya ziada: (i) katika ada za kiingilio, Sh. 1,500,000 ni za kongamano la 2024. (Ii) kodi ya ukumbi Sh. 800,000 haijalipwa, (iii) projekta ichakae kwa 20% kwa mwaka. Mwanzoni mwa mwaka chama hakikuwa na mali nyingine wala deni.

Ufumbuzi
Mapato (Sh.)
Ada (6,500,000 – 1,500,000): 5,000,000
Kodi ya meza: 2,400,000
Michango: 1,000,000
Jumla: 8,400,000

Matumizi (Sh.)
Kodi ya ukumbi (4,000,000 + 800,000): 4,800,000
Uchapishaji: 900,000
Nauli na malazi: 1,800,000
Ulinzi na usafi: 700,000
Uchakavu wa projekta: 320,000
Jumla: 8,520,000

Nakisi: 8,520,000 – 8,400,000 = Sh. 120,000

Uthibitisho: mali ni fedha 2,100,000 na projekta 1,280,000, jumla 3,380,000. Madeni ni ada za kabla 1,500,000 na kodi 800,000, jumla 2,300,000. Tofauti ni 1,080,000. Mfuko wa mwanzo 1,200,000 ukiondoa nakisi 120,000 pia ni 1,080,000. Hesabu imelingana.

Sasa tazama tena. Fedha taslimu iliongezeka kwa Sh. 900,000, lakini chama kilipata nakisi. Mweka hazina anayeangalia salio la benki peke yake angewaambia wanachama mwaka ulikuwa mzuri.

9.6 Makosa ya kuepuka
1. Kuandika "faida" badala ya "ziada".
2. Kuingiza salio la mwanzo katika mapato.
3. Kuingiza bei yote ya projekta katika matumizi.
4. Kujumlisha ada za kabla badala ya kuziondoa.
5. Kuacha gharama ambazo hazijalipwa.

9.7 Maswali ya marudio
1. "Asasi isiyo ya kibiashara haitakiwi kubaki na fedha mwisho wa mwaka." Je, unakubaliana na kauli hii? Toa hoja 4.
2. Kongamano lina gharama zisizobadilika Sh. 6,000,000. Kodi ya meza italeta Sh. 2,000,000. Kiingilio ni Sh. 20,000 na kila mgeni hugharimu Sh. 4,000. Wanatakiwa wageni wangapi ili gharama zirudi?
3. Eleza kwa nini ada za kongamano lililoahirishwa huoneshwa upande wa madeni katika mizania.

Dokezo la swali la 2: kila mgeni huchangia 20,000 – 4,000 = 16,000. Kiasi cha kufidia ni 6,000,000 – 2,000,000 = 4,000,000. Hivyo 4,000,000 ÷ 16,000 = wageni 250. Mgeni wa 251 ndiye wa kwanza kuleta ziada. Onesha hatua zote, kwa kuwa hata ukikosea hesabu ya mwisho, hatua zilizo sahihi zinaweza kukupatia alama.