Mawe ya Nyongo Yanapoziba Mrija: Si Kila Homa ni Malaria

Mfano ni mama wa Ukunda anayeamka usiku akitetemeka kwa baridi, mwili unawaka, na maumivu yamemkaza chini ya mbavu za kulia. Huku pwani ya kusini wazo la kwanza ni malaria, na si kosa, apimwe. Lakini asubuhi jirani akimwuliza, “Mwanangu, mbona macho yamekuwa manjano?” na mkojo nao umekolea kama chai ya rangi, kipimo cha malaria peke yake hakitoshi, hata kikionyesha vimelea. Huenda mrija wa nyongo umeziba na kuingia maambukizi.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika kifuko kilicho chini yake, kisha hupita kwenye mrija mwembamba hadi utumboni kusaidia kusaga mafuta. Mawe hujijenga katika kifuko hicho, na wengi huishi nayo bila kujua. Hatari huanza jiwe linapoteleza na kukwama mrijani. Nyongo husimama, bakteria huzaana, na shinikizo huwasukuma hadi kwenye damu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alizieleza dalili hizi tatu mwaka 1877: homa ya kutetemeka, maumivu ya tumbo na umanjano. Mgonjwa akianza pia kuchanganyikiwa, au shinikizo la damu likishuka, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku.

Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi pwani, wanahitaji uangalifu zaidi. Seli zao za damu huvunjika haraka na mabaki yake hufanya mawe, hata kwa watoto. Kwa kuwa macho yao huwa na umanjano mara kwa mara, familia huweza kuuzoea. Umanjano uliozidi kuliko kawaida, pamoja na homa na maumivu, usizoeleke.

Hospitalini matibabu huanza kwa maji ya mshipa na antibiotiki, huku damu ikipimwa na tumbo likipigwa picha ya altrasaundi. Dawa hutuliza maambukizi, lakini haziondoi kizuizi. Ndipo inapokuja njia ya kamera, ambayo madaktari huiita ERCP. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, mpira wenye kamera hupitishwa mdomoni na tumboni hadi mlango wa mrija wa nyongo. Mlango huo hukatwa kidogo, na jiwe huvutwa kwa kikapu kidogo cha waya au kwa puto. Ukataji huo ulianza mwaka 1974, Ujerumani na Japani. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha faida yake kwa wagonjwa mahututi: waliofunguliwa mrija kwa kamera walikufa 10 kati ya 100, na waliopasuliwa 32 kati ya 100.

Si njia isiyo na madhara. Kongosho huweza kuvimba baadaye, na mara chache hutokea damu kuvuja au utumbo kutoboka.

Huduma hii haipatikani kila hospitali, kwa hiyo mgonjwa wa Msambweni au Diani huenda akapewa rufaa kuvuka Likoni au kupitia Dongo Kundu. Antibiotiki ianze kabla ya safari. Ndugu wabebe barua ya rufaa, picha, majibu ya damu, kitambulisho na usajili wa SHA, na wataje dawa zote anazotumia, hasa za kulainisha damu na za kisukari. Anayetaka kombe au mitishamba asiache hayo yamcheleweshe kufika.

Mgonjwa akiwa mahututi, au mawe yakiwa makubwa, daktari huenda akaacha kijirija cha plastiki ili nyongo ipite kwanza. Hapa ndipo wengi hupotea: maumivu yakiisha, nauli ya kurudi huonekana hasara. Kijirija hicho huziba, kwa kawaida ndani ya miezi michache, na homa ile ile hurudi. Kabla ya kuruhusiwa, familia iulize mambo mawili na kuyaandika: kijirija kitatolewa tarehe gani, na kifuko chenye mawe kitaondolewa lini.