Uchovu wa Mgonjwa wa Moyo si Uvivu

Mtu aliyezoea kuchota maji bila shida anaanza kupumzika njiani mara tatu. Majirani husema ni uzee, na nyumbani huambiwa ni uvivu. Huenda ni moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo.

Hali hii haimaanishi kwamba moyo umesimama. Unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha mwili unapohitaji nguvu zaidi, kama vile wakati wa kulima au kupanda mlima. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni miongoni mwa vyanzo vyake vikuu.

Misuli isiyopata damu ya kutosha huchoka haraka. Mgonjwa akiingiwa na hofu na kushinda ameketi kutwa, misuli hiyo hudhoofika zaidi, hata kazi ndogo ikamlemea. Kwa hivyo, kumzuia asifanye lolote mgonjwa ambaye hali yake imetulia si kumsaidia.

Mgonjwa afanye nini?

• Amwone daktari au afisa wa kliniki kabla ya kuanza mazoezi. Apimwe pia upungufu wa damu, ambao huzidisha uchovu.

• Aanze kwa kutembea dakika 5 hadi 10 mahali tambarare, kisha aongeze kidogo kidogo. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze.

• Agawanye kazi za siku na kupumzika katikati.

• Asiache dawa kwa sababu amepata nafuu, na apunguze chumvi. Asijinunulie dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Huzuia maji na chumvi kutoka mwilini.

• Ajipime uzani kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kiamshakinywa. Akiongeza kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, huenda maji yanajaa mwilini. Aende kliniki bila kungoja miguu ivimbe.

Maumivu ya kifua, kuzimia, au kukosa pumzi hata akiwa ametulia ni dharura. Akimbizwe hospitalini mara moja.

Mkazi anayechoka kuliko kawaida na ambaye hajapimwa aanzie katika zahanati iliyo karibu, au amweleze mhudumu wa afya ya jamii anayezuru boma lake. Familia nayo ina wajibu: badala ya lawama, mmoja wao atembee na mgonjwa kila jioni.