Ahadi ya Kazi katika Ndege za Kukodi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada ya Urubani

Mwalimu mmoja mstaafu alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha yenye stakabadhi nne. Kwa kiinua mgongo chake na fedha za kiwanja alichouza, alikuwa amemsomesha binti yake urubani katika chuo cha nje ya nchi, baada ya wakala kumwonyesha kijarida kilichoandikwa kwamba mhitimu amehakikishiwa kazi katika kampuni za jeti za kukodi. Binti alirudi na leseni halali na saa 212 za kuruka. Mwaka ulipita bila kuitwa popote. Kisha wakala yule yule akarudi na pendekezo jipya: familia ilipe dola 28,000, binti afundishwe kurusha aina moja ya jeti, na baada ya hapo apewe nafasi ya rubani msaidizi. Mzee alitaka tumjibu swali moja tu: je, auze na nyumba?

Tumeandika somo hili kwa ajili ya wazazi na vijana wanaokaribia kufikia hapo, na hasa kwa wale ambao bado hawajalipa hata senti. Mafunzo ya urubani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ni miongoni mwa manunuzi makubwa kabisa ambayo familia ya kawaida inaweza kuyafanya, na mara nyingi hufanywa kwa kuamini maneno ya mdomo.

Leseni inampa mhitimu nini

Tanzania na Kenya, kama nchi nyingine wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hutunga kanuni zao za leseni kwa kufuata Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kwa kipimo hicho, mwombaji wa leseni ya urubani wa biashara awe ametimiza umri wa miaka 18 na awe na saa 200 za kuruka, au 150 ikiwa amesoma mfululizo katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni ya juu zaidi, ile inayomruhusu rubani kuwa kapteni wa ndege za biashara zinazohitaji marubani wawili, hudai umri wa miaka 21 na saa 1,500. Pamoja na leseni, rubani lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza kinachopimwa upya kila mara, na awe amethibitishwa kumudu Kiingereza cha mawasiliano ya anga kwa kiwango cha nne au zaidi.

Kisheria, basi, kijana mwenye saa 200, idhini ya kuruka kwa vyombo na idhini ya aina husika ya ndege anaweza kukaa kiti cha kulia cha jeti akiwa rubani msaidizi. Mawakala hulisema jambo hili kwa sauti kubwa, nalo ni kweli. Wanachokinyamazia ni kwamba sheria huweka kima cha chini tu. Anayeamua kima halisi cha kuajiriwa ni mwenye bima ya ndege, na baada yake mteja anayeikodi. Mwenye bima hutazama thamani ya ndege na uzoefu wa wanaoirusha, kisha husema wazi ni saa ngapi kapteni na msaidizi wake wanapaswa kuwa nazo ili bima iwe hai. Kampuni za mafuta, za madini na mashirika ya misaada nayo huwa na masharti yao, na hukagua madaftari ya marubani kabla ya kutia saini. Meneja wa kampuni ya kukodisha hata akimpenda kijana kwa dhati, hawezi kumpandisha ndegeni ikiwa kwa kufanya hivyo bima itakatika.

Kwa hiyo, mtu akikuahidi kazi ya jeti kwa mhitimu wa saa 200, usibishane naye juu ya sheria. Mwombe akuonyeshe barua ya kampuni inayotaja kima cha saa inachokubali.

Saa hupatikana wapi

Kwa hapa Afrika Mashariki, ngazi ya kwanza ya soko la kukodi haina uhusiano na jeti. Ni ndege ndogo zinazobeba watalii, wagonjwa, wafanyakazi wa migodi na mizigo, zikiondoka Uwanja wa Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar, au Wilson jijini Nairobi, uwanja unaokumbusha jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini humo mwaka 1929. Ndege inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Cessna 208 Caravan, yenye injini moja ya tabo, inayoweza kutua katika viwanja vya vumbi kama vya Serengeti au Maasai Mara ambako jeti nyingi haziwezi kushuka. Rubani wa Caravan katika miezi ya watalii hutua mara nyingi kwa siku moja, na daftari lake hujaa kuliko la mwenzake aliyepata bahati ya kukaa msaidizi katika jeti ya tajiri, ambayo huweza kulala bandani wiki nzima.

Kazi hii hufuata majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba kampuni hutafuta watu; Aprili na Mei, masika yakikolea na baadhi ya kambi za watalii zikifungwa, wapya huambiwa wasubiri. Kijana anayemaliza mafunzo Machi na kuanza kubisha hodi Aprili asidhani amekataliwa. Wengi huanza kwa kazi za ardhini, yaani kupanga safari, kupima mizigo, kushughulikia karatasi za abiria, ili kampuni iwajue tabia kabla ya kuwapa ndege. Wengine husomea ualimu wa urubani na kukusanya saa wakifundisha, njia ambayo kwa maoni yetu haithaminiwi inavyostahili.

Hapa pana jambo ambalo limewaumiza wengi, nalo tunaomba lisomwe kwa makini. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Baadhi ya watu huuza kiti cha kulia cha ndege za namna hiyo kwa vijana: unalipa, unakaa, unaandika saa. Kiambatisho cha Kwanza kinasema kwamba saa za msaidizi katika ndege ya rubani mmoja, pale ambapo nchi imeamuru awepo msaidizi, huhesabiwa zisizidi nusu kuelekea leseni ya juu. Na pale ambapo hakuna aliyeamuru awepo, huyo aliyekaa ni abiria aliyevaa sare. Mtu aliyenunua saa 500 za aina hiyo anaweza kugundua, siku ya kuwasilisha daftari lake, kwamba ana 250, au hana hata moja. Kabla ya kulipia saa zozote, iulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa maandishi kama saa hizo zitatambuliwa, na utunze jibu.

Hali ya kazi ya jeti yenyewe

Jeti nyingi za kukodi si mali ya kampuni inayozirusha. Mwenye ndege ni mfanyabiashara au kampuni nyingine, naye huikabidhi kwa mwendeshaji mwenye cheti ili aitunze, aajiri marubani, na aikodishe siku ambazo mwenyewe haihitaji. Ndege moja huwa na marubani wachache, pengine wawili, pengine wanne. Mwenye mali akiiuza, kazi zao huenda nayo. Idhini waliyonayo ni ya aina ile ya ndege. Idhini ya Citation haimfai mtu mbele ya Gulfstream, na huhitaji kupimwa upya mara kwa mara, kwa kawaida katika simuleta iliyoko Ulaya, Marekani au kwingineko mbali. Anayejilipia idhini ya aina ambayo ndani ya nchi ipo ndege moja au mbili tu, amenunua ufunguo wa mlango mmoja.

Usajili nao uangaliwe. Ndege yenye alama ya 5H ni ya Tanzania na yenye 5Y ni ya Kenya, lakini jeti binafsi nyingi husajiliwa mbali, kwa mfano San Marino kwa alama ya T7 au Isle of Man kwa alama ya M. Leseni ya rubani lazima iwe imetolewa au imetambuliwa na nchi iliyosajili ndege. Vivyo hivyo, leseni iliyopatikana ng'ambo haitumiki moja kwa moja katika ndege ya 5H mpaka masharti ya Mamlaka yatimizwe, na hayo huhitaji muda na gharama ambazo kijarida cha chuo huwa hakizitaji.

Hatuandiki haya ili kuwakatisha vijana tamaa. Nafasi zipo, na mwendo wake unaeleweka. Marubani wa safari za kimataifa za biashara hulazimika kustaafu kiti wafikapo miaka 65. Mashirika makubwa huwachukua makapteni wa kampuni za kukodi, nao wakiondoka waliokuwa chini yao hupanda, na mlango wa chini hufunguka. Mwaka 2020, mashirika yalipositisha safari kwa sababu ya UVIKO-19, mnyororo huo ulikatika kwa juu, na waliohitimu mwaka ule walisubiri kwa muda mrefu. Atakayekuonyesha idadi ya ajira za mwaka mmoja mzuri na kuahidi kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa mwanao atakapohitimu, anakuuzia hali ya hewa ya mwaka jana.

Mkataba wa mafunzo

Kampuni ya kweli ikigharamia mafunzo ya rubani, ina haki ya kumtaka atumikie kwa muda. Mkataba wa aina hiyo si dhuluma. Uangalie tu kama deni linapungua kadiri mtu anavyofanya kazi. Tuseme mafunzo yamegharimu dola 24,000 na muda wa kutumikia ni miezi 24. Deni likipungua kwa dola 1,000 kila mwezi, anayeondoka baada ya miezi 15 atadaiwa 9,000. Mkataba usiotaja kupungua humfanya anayeondoka mwezi wa 23 adaiwe 24,000 zote. Angalia pia mkataba unasema nini iwapo kampuni ndiyo inayomwachisha, au ndege ikiuzwa, au rubani akikosa cheti cha afya. Tumeona mikataba inayomdai rubani hata pale ambapo kosa si lake. Wala asikubali kukabidhi leseni au vyeti halisi viwekwe kabatini kwa mwajiri kama dhamana; nakala zinatosha.

Hali ni tofauti pale ambapo mtafuta kazi ndiye anayelipa. Kununua idhini ya aina ya ndege ukiwa na barua ya ajira mkononi, kutoka kwa kampuni uliyoithibitisha, ni uamuzi mgumu lakini unaoweza kupimwa. Kuinunua kwa ahadi ya wakala ni kucheza bahati nasibu. Ada za "usaili", "viza" na "uhakiki wa cheti cha afya" zinazotumwa kwa simu kwa mtu anayejiita afisa ajira wa kampuni ya jeti ya Dubai zisilipwe kabisa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi, isipokuwa pale ambapo nchi imeruhusu kwa sababu maalumu. Kampuni yoyote inayobeba abiria kwa malipo lazima iwe na cheti cha mwendeshaji kutoka mamlaka ya nchi yake. Jina lisipoonekana kwa mamlaka hiyo, mazungumzo yaishie hapo.

Ukiwa umekwisha kulipa

Kusanya stakabadhi, tangazo la chuo, ujumbe wa simu na barua pepe, kila kimoja kikiwa na tarehe. Mwandikie chuo au wakala, ukinukuu ahadi kama ilivyoandikwa, na umpe muda wa kujibu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani; chuo kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiripotiwe pia huko. Kwa walio Kenya, ipo Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Ahadi iliyotamkwa tu, bila karatasi wala shahidi, ni vigumu sana kuisimamisha, na ndiyo maana tunasisitiza maandishi kabla ya malipo ya kwanza.

Mwalimu mstaafu tulimshauri asiuze nyumba. Jina la kampuni aliyoahidiwa binti yake halikuwa kwenye orodha ya wenye vyeti, na wakala alipoombwa barua ya mwajiri alikata simu. Kuhusu fedha za mwanzo, kijarida chenye neno "amehakikishiwa" kilikuwa bado kimo ndani ya bahasha ile, pamoja na stakabadhi zote nne, na lalamiko liliandikwa siku hiyo hiyo. Binti alikwenda Arusha mwanzoni mwa Juni na kuanza kazi ya kupanga safari katika kampuni yenye Caravan tatu, kwa mshahara mdogo, huku akisubiri zamu yake ya kupimwa.