Mjomba Ndiye Benki ya Februari

*"Mimi ni mkulima wa maharage na mahindi hapa Gitting, wilayani Hanang, na ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima 23. Kila mwaka ikifika Februari, chakula kimepungua na shule zinadai michango, mjomba wangu, kaka yake mama, hutukopesha kwa mazao yaliyo bado shambani. Mwaka huu alitoa shilingi 100,000 kwa gunia. Tulipovuna, gunia lilikuwa 180,000, na yeye hupima kwa debe lenye kilemba. Kikundi kimeamua tujenge ghala na kununua mizani. Mjomba amesikia, amekasirika. Mama hanisemeshi, anasema nimemuumbua kaka yake aliyenisomesha sekondari.*

*Wakati huohuo kuna mheshimiwa ametuahidi mashine ya kukoboa na kusaga, sharti tutoe kiwanja mapema ili kibao kiwekwe. Wenzangu wanasema mashine ikija, Gitting itakuwa mji kama Katesh. Mimi nina mashaka. Nifanyeje na mjomba, na mashine tuipokee? Halafu, mke wangu anaweza kuwa mweka hazina?"*

*Katibu, Gitting*

Mdogo wangu Katibu,

Pole kwa ukimya wa mama. Huo tutaurudia. Kwanza tupige hesabu, maana katika barua yako hasira imetangulia.

Mjomba alitoa 100,000 mwezi Februari, akachukua mzigo wa 180,000 mlipovuna. Faida ya 80,000 kwa miezi michache, na hapo hatujagusa kilemba. Ni ghali mno, sitakuficha. Lakini nijibu: mwezi huo wa Februari ni nani mwingine aliyefika mlangoni kwenu na fedha taslimu, bila kudai hati, mdhamini wala fomu? Kama hakuna, basi mjomba hauzi fedha tu. Anauza Februari yenyewe, na hiyo hamjapata pengine pa kuinunua.

Msidhani ni mkosi wa Gitting peke yake. Kagera wakulima wa kahawa wanauza ikiwa bado maua, na wana jina lake: butura. Kusini kwenye korosho wanaita kangomba. Serikali imepiga marufuku yote mawili, na msimu wa korosho wa 2018 walanguzi walisakwa kwelikweli. Bado yapo. Yanaendelea kwa sababu njaa na ada hufika kabla ya mavuno, na amri haijawahi kusogeza mavuno mbele hata kwa wiki moja.

Tena chunguza fedha za mjomba zinatoka wapi. Wanunuzi wengi wa vijijini hawana mtaji wao; wanapewa na tajiri wa mjini, Babati au Arusha, na kwa kila gunia wanalipwa kamisheni. Mvua ikikata, wewe unamwambia mjomba shamba limekauka, yeye anamwambia nani? Simtetei. Nataka uende kuzungumza na mtu unayeijua biashara yake.

Sasa ghala. Kosa ninaloliona kwenye mpango wenu ni kwamba mnajenga ghala la mavuno ya Julai na kuacha Februari ilivyo. Mtaezeka bati, mtapiga picha na diwani, halafu Februari wanachama 15 kati ya 23 watakwenda kwa mjomba usiku, na mavuno yakija maharage yao yatapita mbele ya ghala lenu yakienda kupakiwa kwingine. Ghala halijazwi na hotuba za katibu. Maharage yaliyokwisha kuuzwa yakiwa shambani hayaji humo.

Kwa hiyo anzeni na mfuko. Mkivuna, kila mwanachama aache gunia moja ambalo haliuzwi wakati huo. Asiye na deni aache moja zima, mwenye deni aache hata madebe mawili. Lipimwe kwa kilo, liandikwe jina, litiwe kwenye mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Ikifungwa vizuri haipitishi hewa, na wadudu hukosa pumzi bila tone la dawa. Maharage yawe makavu kweli: ng'ata moja, likigawanyika kwa mlio yako tayari, likibonyea, rudisha kwenye turubai. Desemba au Januari, bei ikiwa imepanda, mnauza kwa pamoja, na fedha hizo ndizo mnazokopeshana Februari kwa riba ambayo mtu anaweza kuitaja mbele ya mke wake. Mwaka wa kwanza hazitatosha kila mtu. Wapeni kipaumbele wale ambao mjomba huwashika zaidi.

Vikundi vingi vya VICOBA huvunja mzunguko Desemba ili watu wapate cha Krismasi. Mnagawana sikukuu inapokaribia, wiki chache tu kabla ya miezi migumu. Kama mna VICOBA, sogezeni tarehe hiyo. Mtalaumiwa na wapenda pilau, vumilieni.

Lazima nikutahadharishe: kuhifadhi si dhamana ya bei. Jirani zenu wa Babati wanakumbuka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza. Bei ikaporomoka, na waliokuwa wamezishika wakingoja ipande zaidi ndio walioumia kuliko wote. Ndiyo maana nasema gunia moja, si mavuno yote. Mengine uzeni mnapovuna. Maharage angalau yanaliwa kila nyumba Tanzania, hayangoji kibali cha Delhi.

Tukimaliza hilo, mizani. Hii nunueni hata kabla ya kuchimba msingi wa ghala. Chumba cha kupanga kinatosha kwa msimu wa kwanza. Iwe ya jukwaa, iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na ihakikiwe tena kila mwaka. Debe lenye kilemba linapendwa kwa sababu halibishiwi: mpimaji anajua kukandamiza kwa kiganja na kumwaga juu, wewe unatazama. Mara sita kwa gunia, mara magunia 60. Hapo ndipo kilo zenu zinapopotea, kidogokidogo.

Na kabla ya kupima, chambueni. Mnunuzi mkubwa analipia maharage ya aina moja, si mchanganyiko. Lyamungu 90 yakae peke yake, Jesca peke yake, ya njano peke yake. Yatolewe mawe, yaliyovunjika na yaliyotobolewa. Siku moja ya mavuno, akina mama kumi na nyungo zao chini ya turubai, wakilipwa kwa kilo: hicho ndicho kiwanda chenu cha kwanza, na ujira wake unalala Gitting. Jioni unanunua mafuta ya taa, sabuni, soda kwa mtoto. Fuso likijua kwamba mahali fulani kuna tani sita safi zilizopimwa, litakuja lenyewe. Vijana watapakia, mama lishe atapika, mtu atafungua duka la pembejeo karibu na hapo kwa sababu watu wapo na fedha wanazo. Sijaona mji mdogo uliokua kwa njia tofauti sana na hiyo.

Jambo moja la sheria lisikupite: tangu 2017, mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Mkitaka kujaribu soko la Babati kwa magunia tisa, nendeni. Mkikuta kizuizi barabarani na kijana hajui kanuni hiyo, mwelezeni kwa upole na muwe na karatasi ya uzito mkononi.

Kwa mjomba usiende na muhtasari wa kikao. Nenda na mzee mmoja wa ukoo anayemheshimu, na ikiwezekana mama awepo. Anza na shukrani ya sekondari, kwa maneno kamili, usiipite haraka. Halafu sema mambo mawili. La kwanza, kila aliyechukua fedha zake Februari atamlipa gunia lake kama walivyopatana, na kikundi kitasimamia. Msifanye ujanja wa kumletea mizani mpya kwenye deni la zamani. Makubaliano mabaya nayo ni makubaliano. La pili, mzigo wa kikundi utauzwa kwa mizani, na yeye ataambiwa bei kabla ya mnunuzi mwingine yeyote. Akiifikia, ni wake.

Fikiria anachopata. Leo anazunguka kwa pikipiki nyumba kwa nyumba, huku anakuta mtu amejificha, kule amechanganyiwa mchanga. Kwenu atapakia magunia 60 asubuhi moja, yamechambuliwa, tajiri wake haoni la kulalamikia. Faida yake kwa gunia itapungua, ila na usumbufu utapungua pia. Huenda akakubali. Huenda asikubali mwaka huu, akaja mwaka ujao akijifanya amepita tu njia. Mpokee bila kumkumbusha. Ila msimpe uongozi kwenye kikundi, hata mama akiomba: muuzaji na mnunuzi hawashiki daftari moja.

Mama atanyamaza mpaka aone kaka yake hajaaibishwa hadharani. Hilo linatibiwa na ziara, siyo na hoja.

Nakuja kwenye mashine. Wewe unaishi kwenye wilaya ambayo imewahi kuona mashine nyingi kuliko wilaya nyingine nyingi za nchi hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lililima ngano kwenye mbuga za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengine, mashamba saba, ekari zipatazo 100,000. Matrekta makubwa, mashine za kuvunia, mitambo ya kila aina. Wabarbaig walipoteza malisho yao bora na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na majembe; kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika Mahakama ya Rufani. Ngano ilivunwa kweli, nyingi. Ikapakiwa, ikaenda kusagwa mbali. Vipuri vilitoka nje, mafundi wakubwa walitoka nje, na msaada ulipokoma katika miaka ya 1990 mashamba yakadhoofu, hatimaye yakabinafsishwa. Waulize wazee wa Basotu ekari hizo zote ziliwaachia maduka mangapi.

Sasa tazama Githunguri, kaunti ya Kiambu, Kenya. Mwaka 1961 wafugaji 31 waliunda ushirika wa kukusanya maziwa. Kukusanya tu, kupima na kuuza kwa pamoja. Kiwanda chao wenyewe cha kusindika kilikuja 2004, miaka zaidi ya 40 baadaye, na maziwa yao ya chapa ya Fresha leo yanauzwa Nairobi. Siwaambii mngoje miaka 40. Ila walipoinunua mitambo, maziwa ya kuijaza walikuwa nayo tayari.

Mwandikieni mheshimiwa barua ya heshima, mshukuruni, kisha mwombeni majibu. Umeme wa njia tatu umefika kwenye kiwanja hicho, au uliopo ni wa kuwashia taa? Mashine ikiharibika Novemba, fundi yuko wapi na nani anamlipa? Mahindi ya wanachama 23 yataizungusha siku ngapi kwa mwaka? Mashine ni mali ya kikundi kwa maandishi, au ni ya aliyeleta kibao? Akijibu yote, kaeni mjadili. Akikasirika, mmeokoa kiwanja. Na kama ahadi yake ni ya kweli, mwambieni kwa sasa mnahitaji mizani na turubai, vitu vya bei ndogo kuliko mashine. Wengi hupungukiwa hamu hapo, kwa kuwa turubai halipigiwi picha vizuri.

Kiwanja chenyewe, hata kwa ghala, kisiwe kwenye mkondo wa maji ya mlima. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakafa, maduka na bidhaa vikafukiwa. Mzee anayejua korongo lilipopita zamani ana thamani kuliko mchora ramani. Na pateni hati ya hakimiliki ya kimila kutoka serikali ya kijiji kwa jina la kikundi, si kwa jina la mwenyekiti.

Mwisho mke wako. Mweka hazina, hapana. Katibu anaandika fedha zilizotoka, mweka hazina anazitoa; mkilala kitanda kimoja, siku zikipungua 20,000 hakuna atakayeamini mlikosea kujumlisha. Chagueni mtu wa nyumba nyingine, na sanduku liwe na kufuli tatu kwa watu watatu. Ila mke wako ana kazi yake. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vya vijana na vya watu wenye ulemavu. Kikundi chenu, kama kimechanganya wazee na vijana, wanaume na wanawake, hakimo. Akina mama wa kuchambua maharage wakijisajili kikundi chao, wanaweza kuomba. Aende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, aulize fomu, na ajue kabisa kwamba mkopo huo unarudishwa. Daftari la kikundi hicho alishike yeye.