Lakabu, Anwani na Mlango: Mafunzo ya Mji wa Kale wa Mombasa kwa Msomaji wa Msimbo wa Programu ya Gumzo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna programu ya gumzo inavyoshughulikia anwani za mtandao ndani ya msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya mwandaa-programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kwa mtazamo wa kwanza, suala hili ni la wataalamu wa tarakilishi pekee. Hata hivyo, ndani yake mna maswali ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huyakabili kila siku darasani. Je, jina lina uhusiano gani na kinachotajwa? Je, maumbo mawili ya maandishi yaweza kutaja kitu kimoja? Je, istilahi iundwe kwa kufuata neno la kigeni au kwa kufuata kazi ya dhana yenyewe?

Hoja inayotetewa ni kwamba makosa mengi ya programu hizi hutokana na kuchanganya mambo matatu: mtumiaji, mahali anapofikiwa, na maandishi yanayotaja mahali hapo. Kisiwa cha Mombasa, hasa Mji wa Kale, kimeteuliwa kuwa uwanja wa mifano kwa kuwa lugha na desturi za wenyeji wake huyatenganisha mambo hayo. Uteuzi huo una sababu ya pili. Mombasa ni lango la intaneti ya Kenya. Mkongo wa TEAMS ulifika hapa kutoka Fujairah mwaka 2009, mwaka uo huo SEACOM ukaanza kazi, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo, mawasiliano ya intaneti baina ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti kwa kiasi kikubwa.

2.0 Anwani si mtu

Mfano unaofaa ni mfumo wa gumzo ujulikanao kama IRC, ulioanzishwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwaka 1988. Itifaki yake ilichapishwa mwaka 1993 katika waraka RFC 1459. Katika mfumo huu, mtumiaji hujichagulia lakabu, ambayo kwa mujibu wa waraka huo haikupaswa kuzidi herufi 9. Seva huunganisha lakabu hiyo na jina la mtumiaji pamoja na anwani anayotokea. Anayezungumza barazani Kibokoni hutambuliwa kwa sura na sauti. Anayezungumza katika ukumbi wa IRC hutambuliwa kwa lakabu na anwani tu.

Tatizo huanza pale msimamizi wa ukumbi anapotaka kumfukuza mkorofi. Kwa kuwa lakabu hubadilishwa wakati wowote, msimbo huruhusu marufuku kuwekwa juu ya anwani. Hapo ndipo anwani inapochukuliwa kuwa mtu. Lakini anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti zina biti 32, hivyo idadi yake haizidi bilioni 4.3 hivi, na hazikutosha. Tangu mwaka 1996 waraka RFC 1918 ulitenga anwani za matumizi ya ndani, zikiwemo zinazoanza kwa 10 na kwa 192.168. Tarakilishi zote za duka moja la intaneti zinaweza kuwa na anwani za ndani tofauti, ilhali seva ya mbali inaona anwani moja tu ya nje. Mitandao ya simu nayo huweza kuwaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja.

Matokeo yake ni kwamba marufuku ya mtu mmoja huwafungia nje wengi wasio na hatia. Mwanafunzi aliyekuja kuuliza swali la masomo hukuta mlango umefungwa kwa sababu aliyeketi kiti cha jirani jana yake alitukana. Msimbo wa namna hii unatekeleza kwa ukali methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza, bila kuwa na njia ya kuwatazama samaki wenyewe.

Desturi ya Mombasa inatoa funzo linalofaa. Katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yamo majina kama Wakilindini, Wachangamwe, Wajomvu na Wakilifi. Majina hayo yanatokana na mahali. Hata hivyo, mtu huitwa Mkilifi hata kama nyumba yake iko Mkanyageni na hajawahi kulala Kilifi usiku mmoja. Jina lake linaeleza asili na ujamaa wake, wala halimwelekezi mgeni nyumbani kwake. Anayetaka kumtembelea huuliza mtaa, msikiti ulio karibu na kichochoro. Wenyeji hawachanganyi maswali haya mawili. Seva nazo zimejifunza kuyatenganisha: nyingi za sasa humruhusu mtumiaji kusajili akaunti, na marufuku ikawekwa juu ya akaunti badala ya anwani.

3.0 Anwani si maandishi yake

Kosa la pili ni kuichukulia anwani kuwa mfuatano wa herufi. Anwani kama 192.0.2.25 ni maandishi ya kumrahisishia binadamu; kwa mashine ni namba moja ya baiti 4. Maandishi marefu zaidi ya toleo la nne ni herufi 15 tu, na waandaa-programu wengi wa zamani walitenga nafasi ya kiasi hicho katika msimbo wao. Toleo la sita, lililoelezwa katika waraka RFC 2460 wa mwaka 1998, lina baiti 16, na maandishi yake ya kawaida hufikia herufi 39. Programu iliyojengwa juu ya dhana kwamba anwani zote zina urefu mmoja ama huzikataa anwani mpya, ama huzikata katikati, au huandika nje ya nafasi iliyotengwa na kuharibu data nyingine.

Zaidi ya hayo, anwani moja ya toleo la sita huweza kuandikwa kwa njia kadhaa. Maandishi 2001:db8::1 na 2001:DB8:0:0:0:0:0:1 yanataja mahali pamoja. Msimbo unaolinganisha herufi kwa herufi utasema hizi ni anwani mbili, na aliyepigwa marufuku kwa umbo moja ataingia kwa umbo jingine. Mwanafunzi wa lahaja analijua jambo hili. Barabara maarufu ya Mji wa Kale huitwa Ndia Kuu, kwa umbo la Kimvita. Anayezungumza Kiswahili sanifu akiitaja kuwa Njia Kuu, hakuna mwenyeji atakayemwelekeza barabara nyingine. Sauti zimetofautiana, mahali ni pale pale. Kwa hiyo msimbo mzuri hugeuza kwanza maandishi kuwa namba, kisha hulinganisha namba. Mwaka 2010 waraka RFC 5952 ulipendekeza umbo sanifu la kuandika anwani hizi, hatua inayofanana na usanifishaji wa tahajia.

Toleo la sita pia limegeuza upande wa pili tatizo la marufuku. Mara nyingi mteja mmoja hupewa kundi zima la anwani ambazo biti zake 64 za mwanzo hazibadiliki. Marufuku ya anwani moja kamili haimzuii, kwani atachukua nyingine katika kundi lake. Kwa hiyo msimbo hauna budi kulinganisha biti za mwanzo tu. Katika toleo la nne marufuku ya anwani moja huwaumiza wasiokosa. Katika toleo la sita humwachilia aliyekosa.

Alama za uakifishaji nazo zina sehemu yake. Katika IRC, nukta pacha (:) mwanzoni mwa neno huiambia programu kwamba yote yanayofuata hadi mwisho ni kitu kimoja, hata kama yana nafasi katikati. Lakini anwani ya toleo la sita huweza kuanza kwa alama iyo hiyo, mathalani ::1. Ikiwekwa katikati ya ujumbe, programu huimeza pamoja na maneno yanayofuata. Seva kadhaa huondoa utata huo kwa kutanguliza sifuri na kuandika 0::1. Thamani haibadiliki, na usomaji unanyooka.

4.0 Mlango au bandari?

Anwani huifikisha data kwenye tarakilishi, lakini tarakilishi moja huendesha programu nyingi. Hivyo kila muunganisho hubeba pia namba ya biti 16, kuanzia 0 hadi 65535, inayoonyesha ni programu gani inayotafutwa. Seva za IRC kwa mazoea husikiliza kwenye 6667. Kiingereza huiita port, na mfasiri mwenye haraka huandika bandari.

Je, amekosea? Kisiwa cha Mombasa kinaweza kumtetea: ni kisiwa kimoja chenye Bandari ya Kale upande wa mashariki, zinakotia nanga jahazi, na Kilindini upande wa magharibi, zinakotia meli kubwa. Kusema Mombasa tu hakutoshi kumwelekeza nahodha. Hata hivyo, Kiingereza kina maneno mawili yaliyofanana kwa umbo: moja limetokana na neno la Kilatini la bandari, jingine na la lango. Dhana ya mtandao inakaribiana zaidi na hili la pili, kwa kuwa ni pa kuingilia na kutokea, wala si pa kuegesha. Kiswahili kina neno mlango, ambalo pwani hutumika pia kwa njia ya maji baina ya nchi kavu mbili, kama katika mlango bahari. Kwa mintarafu hii, mlango linafaa zaidi, na bandari libaki kwa vyombo vya baharini.

Namba ya mlango ina mtego wake. Tarakilishi nyingi hutanguliza baiti ndogo, ilhali itifaki hutanguliza kubwa. Namba 6667 ni baiti 26 na 11, yaani 26 mara 256 kujumlisha 11. Zikisomwa kinyume huwa 2842, na programu hubisha mlango usio wake. Anayejaribu kusoma hati ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu kuanzia kushoto hupatwa na mkasa kama huo: herufi ni zile zile, neno silo.

5.0 Hatua za kuukagua msimbo

Msomaji wa msimbo wa programu ya gumzo anaweza kufuata hatua nne.

(i) Atafute nafasi ya kuhifadhia anwani. Ikiwa ni baiti 4 au herufi 15 pekee, programu imefungwa katika toleo la nne. Nafasi iitwayo sockaddr_storage huyatosha matoleo yote mawili.

(ii) Atazame jinsi jina la seva linavyogeuzwa kuwa anwani. Amri kongwe gethostbyname imepitwa na wakati. Getaddrinfo hurudisha orodha, na programu inapaswa kujaribu kila anwani hadi moja ijibu.

(iii) Aangalie uandishi wa anwani kwenye kumbukumbu. Amri inet_ntoa hutumia nafasi moja tu, kama ubao wa chuoni unaofutwa kabla ya kuandikwa aya nyingine. Ikiitwa mara mbili katika mstari mmoja, anwani moja huchapishwa mara mbili.

(iv) Aulize marufuku inamlenga nani: akaunti, anwani moja, au kundi la anwani.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba lakabu humtaja mtu, anwani hutaja mahali, mlango hutaja huduma, na maandishi ni vazi tu la anwani. Programu inayoyachanganya haya huwafungia nje wasio na kosa na kuwaacha wakosaji wapite. Vivyo hivyo, mwanaistilahi anayetafsiri bila kuifahamu kazi ya dhana huipeleka jahazi mahali palipotakiwa mlango. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyaeleza haya. Kazi ya wanafunzi wake ni kuusoma msimbo wenyewe kabla ya kuupa majina, na kuyapima majina hayo mbele ya wanaoyatumia.