Dondoo muhimu: Keki laini ya shughuli, hata kwa jiko la mkaa

Keki ya shughuli mara nyingi huokwa leo ikaliwa kesho, kwa hiyo itie mafuta ya kupikia badala ya siagi. Siagi huganda keki ikipoa. Mafuta hayagandi, ndiyo maana keki yake hubaki laini siku ya pili.

Vipimo: unga wa ngano vikombe 3, beking pauda vijiko vya chai 3, chumvi kidogo, sukari kikombe 1½, mafuta kikombe 1, mtindi kikombe 1, mayai 4, na iliki ya kutwanga.

Piga mayai na sukari mpaka vipauke na kutoa povu zito. Mimina mafuta kidogo kidogo, kisha mtindi. Unga uliochekechwa uje mwisho, na hapa mkono uwe mwepesi: ukiacha kuona unga mkavu, simama. Ukizidi kukoroga, unga utavutika kama wa chapati, na keki itakuwa ngumu.

Kwenye mkaa, moto mwingi uwe juu ya mfuniko. Chini bakiza makaa machache tu. Wengi huunguza kitako cha keki kwa kusahau hilo. Usifunue kabla ya dakika 30. Iliki ikinukia na kingo zikiachana na sufuria, choma kijiti katikati: kikitoka na chembe chache zenye unyevu, epua. Wenye oveni, nyuzi 170 zinatosha.

Keki ikiwa bado vuguvugu, ifunike kwa kitambaa safi isikauke.